Nilivyoyafuata Maji ya Buluu Mbeya

Mmeniuliza wengi, kisimani, nje ya kanisa, hata kwenye foleni pale duka la kijiji. Nimesimulia mara nyingi mpaka nimegundua jambo baya: kila nikisimulia, lori linaharibika mara moja zaidi. Kwa hiyo nimechukua daftari nimeandika ilivyokuwa, ili nikikosea nikosee mara moja tu. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri, basi anayejua kuandika anivumilie. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Habari za barua na mihuri nimeziacha, maana hata mimi nilisinzia zilipokuwa zikiandikwa.

Kwa asiyejua, wifi yangu Perpetua, mke wa kaka yangu Oresti, ana ugonjwa wa sukari. Anachomwa sindano kila siku. Sasa sindano ile haichomwi hivihivi. Lazima kwanza ujue sukari imekaaje mwilini, ndipo ujue dawa uvute kiasi gani. Ukizidisha, mtu anaanguka anatetemeka. Ukipunguza, anakauka kama jani. Na sukari inajulikana kwa kupima mkojo, na mkojo ulikuwa unapimwa mjini tu. Zahanati yetu ina dawa ya minyoo na bendeji, siwalaumu, wanatumia walichopewa. Ndiyo maana Perpetua alihamia Majengo, mjini Sumbawanga, kwenye chumba cha uani kwa Bi Zuhura, akaacha watoto watatu. Aliondoka ulezi ukipandwa, ukavunwa hajarudi. Mtoto wake wa mwisho akaanza kuniita mimi mama. Sikupenda, ingawa sikatai kwamba siku ya kwanza nilifurahi kidogo.

Bwana Mganga wa hospitali ndiye aliyetufungulia njia. Alisema, "Vifaa vikipatikana, na akapatikana mtu huko kijijini wa kupima na kusoma rangi bila kukosea, huyu mama arudi kwake." Vifaa vya upande wetu vilikuwa Mbeya, sanduku zima, vimekaa stoo kwa sababu hakuna gari lililokwenda kuvichukua. Oresti alitaka kwenda mwenyewe. Lakini Oresti, mnamjua, hatofautishi kijani na nyekundu. Ameshavuna nyanya mbichi debe zima akatuletea kwa furaha. Nikabaki mimi, mjane, watoto wangu wakubwa, na macho mazima.

Kijijini hadi Majengo

Trekta la kijiji lilinibeba mpaka mjini juu ya magunia ya maharage. Safari hii sina la kusema ila baridi. Ule upepo wa asubuhi wa huku kwetu juu ulinipiga mpaka nikavaa gunia tupu begani, nikaingia mji mkuu wa mkoa nimevaa gunia.

Perpetua alinipokea mlangoni kwa Bi Zuhura.

"Karibu wifi! Umekuja kuuzwa au kuuza?"

"Nimekuja kukununua wewe, lakini naona umekonda, nitaomba wapunguze."

Tulicheka, kisha akaniuliza watoto mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwa wa mwisho sikumwambia ananiitaje.

Bi Zuhura na mumewe wana duka la nguo na nyuzi, na lori moja. Niseme kweli, nilikwenda nikiwa na mawazo yangu kuhusu watu wa dukani. Nilidhani wanamkalisha Perpetua kwa faida. Nikakuta Bi Zuhura amemtengea sufuria yake, maharage na mboga za majani na dagaa wa Kirando, na chapati amezificha kabatini.

"Dada, wifi yako mwizi," akaniambia. "Jana nimemkuta ananusa kabati."

"Kunusa hakuna sukari," Perpetua akajibu.

Mawazo yangu yale nimeyafuta, na nayaandika hapa ili ijulikane nilikuwa nayo. Lori lao ndilo lililokuwa linakwenda Mbeya kesho yake. Bi Zuhura akamwambia dereva, "Saidi, huyu mama akae mbele. Na usimwimbie."

Majengo hadi Laela

Aliniimbia. Dereva Saidi ni mtu mnene, mpole, anaimba taarabu akipanda mlima na kaswida akishuka, anasema akishuka anamhitaji Mungu zaidi. Nilimwambia mimi Mkatoliki. Akasema basi na wewe ukishuka imba zako. Tukaimba wote wawili, kila mtu zake, na nadhani Mungu alisikia kelele tu.

Kabla ya Laela springi ya nyuma ikakatika. Ilikatika mara moja. Wale mliosikia mara tatu, ni mdomo wangu. Tulijikokota mpaka Laela, na hapo tukaambiwa springi nyingine itatoka Tunduma na gari lolote litakalopita. Likapita siku ya tatu.

Siku hizo tulikaa kwa Mzee Donati na mkewe Mama Leokadia, karibu na kituo cha mabasi. Hawakutujua. Mama Leokadia alinikuta nimekaa juu ya tairi, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama tunavyofanya, nami nikashuka nikapiga magoti, tukaamkiana pale barabarani kwa muda mrefu, mpaka Saidi akauliza kama tumepoteza kitu chini. Nyumbani kwake tulikula ugali wa ulezi na maharage, na asali ya porini, maana shemeji yake anatundika mizinga. Ni mwanamke ambaye hawezi kukuacha ukatoka kwake mikono mitupu. Saidi aliomba kisu akate kamba. Alipokirudisha, akapewa mahindi mawili ya kuchoma kwa sababu amekirudisha.

Nilipoeleza ninachofuata Mbeya, Mzee Donati alisogeza kigoda chake karibu. Kisha akasema, "Mama Gaudensia, hiyo sukari ninayo na mimi."

"Pole mzee, nani alikupima?"

"Nilipimwa mara moja, mjini, mwaka ule wa mvua nyingi. Wakanipa vidonge, wakasema nirudi kila mwezi. Kila mwezi! Mguu huu?" Akaonyesha mguu uliofungwa kitambaa. "Sasa hivi maabara yangu ni wale." Akanyoosha fimbo kuelekea mgomba nyuma ya nyumba. "Nikienda haja ndogo pale, nikiona sisimizi wamekuja wengi, najua mambo si mazuri. Wakija wachache, nakula ugali wangu kwa amani."

Mama Leokadia akadakia, "Na wakiwa wengi anawapiga fimbo."

Tulicheka sana, na yeye alicheka. Lakini niliondoka na neno lile. Perpetua alikuwa mbali na nyumbani lakini alikuwa anapimwa. Huyu alikuwa nyumbani kwake anapimwa na sisimizi. Nikamwahidi kwamba nikirudi nitampima. Kuahidi kile ambacho hata kukishika sijui ni kosa langu la siku nyingi.

Laela hadi Mbeya

Tunduma tulikuta watu wengi kuliko niliowahi kuona mahali pamoja, na lori lilisimama nusu siku kungoja mafuta. Nilikula wali na samaki, nikaumwa tumbo. Silaumu samaki, nilikula sahani mbili.

Mbeya nilipokelewa na Bwana Anyosisye, mtunza stoo na mpimaji, mwembamba, koti jeupe lenye kifungo kimoja. Sanduku lilikuwepo kweli, lina vumbi, limeandikwa Sumbawanga kwa rangi nyeusi. Nilitaka kulikumbatia. Ndani chupa kubwa mbili za maji ya buluu, buluu kama sare ya shule, mirija ya kioo kumi na miwili, vibomba vya kudondoshea, taa ya spiriti, na karatasi ngumu iliyopakwa rangi tano.

"Elimu?" akaniuliza.

"La nne."

"Kuhesabu mpaka nane unaweza?"

Kazi yenyewe ni hii. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya buluu ndani ya mrija. Matone manane ya mkojo. Unachemsha, kwenye taa au kwa kuusimamisha mrija ndani ya sufuria ya maji yanayotokota. Unaacha upoe kidogo, unatazama. Ukibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Manjano imezidi, rangi ya chungwa imezidi sana, na ukiwa mwekundu kama tofali la kuchoma, hapo mtu ana hatari. Basi.

Mara ya kwanza nilielekeza mdomo wa mrija kwenye koti la Bwana Anyosisye, ukachemka, ukaruka. Mara ya pili nilihesabu matone tisa, nikamwambia ni tisa. Akasema wengine wangesema manane. Nikamwambia nilikaribia kusema. Mara ya tatu nilipima mkojo wangu mwenyewe, na wa Saidi, ambaye alikataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba Bi Zuhura asiambiwe. Yote miwili ilibaki buluu. Saidi alifurahi utadhani amefaulu mtihani.

"La muhimu," Bwana Anyosisye aliniambia tukifunga sanduku, "chombo cha mkojo kiwe safi."

Nikasema nimeelewa. Akaniongezea vichupa vidogo vya dawa, vitupu, vilivyooshwa, vya kukusanyia. Aliniamini, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angenikaripia.

Mbeya hadi Laela tena

Njia nzima sanduku lilikuwa mapajani kwangu. Saidi aliendesha kama amebeba mayai, hakuimba hata mlimani.

Laela tulifika mchana. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Mbali na Mzee Donati walitaka kupimwa jirani yake mmoja mwenye kiu isiyoisha, na mwanamke mmoja mzima kabisa ambaye alisema kama kuna kitu kinatolewa na yeye apewe. Saidi naye akasema nimpime tena, ameipenda. Nikampa Mama Leokadia vichupa vinne, nikamwambia awagawie, kila mtu aweke mkojo wa asubuhi, yeye avikusanye aniletee. Nikarudia kama nilivyoambiwa, chombo kiwe safi. Akajibu, "Mama Gaudensia, hapa kwangu kuna kitu kichafu?" Nikaona haya.

Asubuhi aliniletea vichupa vinne kwenye sinia, vimefunikwa kitambaa kilichofumwa maua. Nilisimamisha mirija minne kwenye sufuria. Watu walijaa uani. Wa kwanza, Mzee Donati, ukaenda kijani, manjano, chungwa, ukafika tofali. Watu wakasema aah. Wa jirani, tofali. Wa yule mwanamke mzima, tofali. Akakaa chini. Nikatazama wa nne, wa Saidi, nikaomba Mungu. Tofali.

 Saidi alikwenda akakaa kwenye ngazi ya lori. Yule mwanamke alianza kulia, dada yake akamsaidia kulia, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba Laela yote imeoza. Mzee Donati akaniuliza polepole, "Basi mwanangu, nimebakiza nini?"

Ndugu zangu, nilitaka ardhi inimeze pamoja na sanduku. Nilifikiri nimehesabu matone vibaya. Nilifikiri maji yameharibika njiani kwa joto la mapaja yangu. Nilifikiri, hili sijawaambia wengi, kwamba kama maji yameharibika ni heri ninyamaze, nifike mjini, Perpetua arudi nyumbani, haya mengine yajulikane baadaye. Nilifikiri hivyo muda wa kama kumeza mate. Kisha nikasema mbele ya watu, "Jamani, huyu dereva Mbeya alikuwa buluu. Hii kazi yangu ina kasoro. Msilie kwanza."

Mama Leokadia alikuwa anatoka jikoni na chai. Akaona machozi, akaona mirija, akasimama.

"Kwani asali ilikuwa kidogo?" akauliza.

 Nikamwambia, "Asali ipi, mama?"

"Niliyoweka kwenye vichupa vyako."

"Uliweka asali kwenye mkojo?"

"Sasa ningefanyaje!" akaja juu. "Mgeni anipe vyombo vyake, nimrudishie vina mkojo mtupu? Nimezaliwa porini mimi? Nimeweka kidogo tu chini ya kila kimoja, ili na wewe ukifungua usichukie."

Saidi alicheka kwanza, kule kwenye lori, kicheko cha kuanzia tumboni. Kisha Mzee Donati, kisha uani wote, na yule mwanamke mzima alicheka huku analia kwa sababu hakuwa amemaliza. Mama Leokadia peke yake hakucheka. "Mnacheka heshima," alisema. Nami nilimtetea, na bado namtetea. Nani kati yetu humu kijijini angerudisha chombo cha mgeni hivihivi? Ningefanya vilevile. Kosa lilikuwa langu. Nilisema safi, sikusema kwa nini. Sikumweleza kwamba tunatafuta utamu, na kwamba utamu wowote maji yale yanauona. Bwana Anyosisye naye hakunieleza mimi, lakini yeye hawajui wenyeji wa Laela.

Tulichemsha vichupa, tukaanza upya. Saidi buluu. Yule mwanamke buluu, akaondoka anatembea kwa maringo. Jirani kijani, nikamwambia aende mjini akaonwe, kijani si ya kudharau. Mzee Donati manjano. Aliushika mrija ule akautazama kwenye jua.

"Manjano," akasema. "Sisimizi walinidanganya. Walisema nakufa."

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa na ruhusa nalo. Chupa moja kubwa ilikuwa ya hospitali, sikuigusa. Ile ya kijiji chetu niliimimina robo kwenye chupa safi, nikatoa mirija miwili, nikapeleka zahanati ya Laela, na ndugu mhudumu wa pale akakubali kuvitunza. Nilimfundisha yeye na Mama Leokadia pamoja. Mama Leokadia alikuwa mkali kuliko mimi. Alimwambia yule ndugu, "Na hicho kichupa umekichemsha? Au umeweka heshima yako ndani?" Kama nilikosea kugawa, nimekosea. Lakini sikuweza kufunga sanduku mbele ya mguu ule.

Tulipoondoka Mama Leokadia akanipa chupa ya asali, imefungwa kabisa, nje ya sanduku.

Laela hadi Majengo

Mvua ilitunyeshea na kioo cha upande wangu hakipandi. Nililalia sanduku, chupa zikapona, lakini ile karatasi ya rangi tano nilikuwa nimeiweka kifuani ili isipotee. Ilipotoka kifuani ilikuwa na rangi moja, nayo haina jina.

Perpetua aliona uso wangu. "Nani kafa?"

"Karatasi."

Nilimwambia yote, na kwamba Bwana Mganga atanipa mtihani kesho, na bila karatasi sina cha kulinganishia. Akasema, "Si rangi tu? Humu dukani kuna nini kama si rangi?" Bi Zuhura akatoa boksi zima la rili za nyuzi.

Na asali ya Mama Leokadia ndiyo ilitusaidia. Kwenye maji ya kawaida tulichanganya asali chembe, tukachemsha na maji ya buluu, ikatoka kijani. Tukaongeza kidogo, manjano. Tukaongeza, chungwa. Tukaongeza, tofali. Kila mrija ukitoka, Bi Zuhura anaubeba mpaka mlangoni penye mwanga, anaweka rili za nyuzi pembeni, anabishana na mumewe.

"Hii si kijani hiyo."

"Ni hiyo. Wewe umeuza nguo miaka ishirini hujui kijani?"

"Nimeuza, ndiyo maana najua."

Mwisho tukapata nyuzi tano, tukazifunga kwenye kijiti kwa mpangilio, buluu juu, tofali chini. Nikaona hiki ni bora kuliko karatasi. Hakilowi kikaharibika, na asiyejua kusoma anakisoma. Tukafunga vijiti sita, na Bi Zuhura hakutaka kitu.

Kesho yake hospitali, Bwana Mganga alikuwa amepanga mirija sita kwenye kibao. Perpetua alisimama mlangoni, ameshafunga mzigo wake, ndoo iko kichwani tayari. Nilisoma wa kwanza mpaka wa tano na kijiti changu.  Bwana Mganga alikuwa anaandika bila kusema kama nimepata au nimekosa.

"Wa sita," akasema, "ni wa wifi yako mwenyewe, wa asubuhi hii. Akiwa buluu au kijani, anaweza kwenda."

Nilitazama. Nikaweka kijiti. Nikatazama tena karibu na dirisha. Mlangoni Perpetua alikuwa ananisemesha kwa midomo bila sauti, kijani, kijani, macho yamemtoka. Nilimfikiria yule mtoto wake. Nilifikiria pia kwamba kati ya kijani na chungwa kuna hatua mbili tu, na kwamba mimi ni mtu wa darasa la nne, nani angenishangaa?

"Chungwa," nikasema.

Ndoo ikashuka sakafuni. "Wifi!" Perpetua akasema. "Wewe ni mtu wewe?"

"Ni chungwa, wifi."

"Umekwenda Mbeya na kurudi uje kunifunga?"

Bwana Mganga akageuka. "Mama Perpetua, jana ulikula nini?"

Perpetua akaitazama ndoo. Kisha, kwa sauti ndogo, "Majirani walinipikia togwa ya kuniaga."

"Kikombe?"

"Kata."

"Kata ngapi?"

"Walikuwa majirani wawili."

Alicheka yule bwana, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaniambia kwamba wa sita alikuwa ameshausoma kabla sijaingia. "Ungeniambia kijani, sanduku lingebaki hapa na wifi yako angebaki hapa. Chungwa hii ni ya togwa, itashuka, mnaweza kwenda. Sasa sikilizeni wote wawili." Akatueleza rangi ikiwa hivi dawa ivutwe vipi, rangi ikiwa vile ipunguzwe vipi, na lini tumlete mjini bila kungoja. Akanifanya nirudie mara nne.

Ndipo nikamwambia habari ya robo chupa niliyoiacha Laela. Nilidhani atanikaripia. Aliniuliza nani anapima kule, akaandika majina kwenye daftari lake. Akasema safari nyingine ataomba sanduku la Laela pia. Sijui kama litapatikana. Nimeandika alivyosema.

Mjini hadi nyumbani

Perpetua hakuongea nami kwenye trekta mpaka tulipopita daraja. Kisha akasema, "Togwa yenyewe haikuwa nzuri." Tukacheka mpaka dereva akasimamisha akidhani tumeanguka.

Mliobaki mliona wenyewe. Mtoto wa mwisho alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akajificha nyuma ya Oresti. Jioni ile alikula kwenye mapaja ya Perpetua. Sasa ananiita shangazi, kama inavyotakiwa.

Sanduku liko zahanati. Kuna walioona likae kwa mwenyekiti kwa kuwa nyumba yake ina kufuli. Nilisema kwenye mkutano kwamba mwenyekiti ni mtu mwema, lakini mgonjwa anaona haya kupeleka mkojo kwa mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe akaunga mkono haraka sana. Wagonjwa tuliowapata mpaka leo ni wanne, wawili walikuwa hawajijui. Kila mmoja ana kijiti chake cha nyuzi. Perpetua ameruhusiwa kupimia kwake, kwa sababu ya sindano.

Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na matuta ya maharage tu. Amezoea asubuhi akishapima anapiga kelele rangi yake, nami nisikie, na siku hizi hata wapita njia wanamjibu. Oresti naye anapiga kelele, "Ni kweli!" wakati hata haioni.

Juzi nilikuwa bado najifunga kitenge nikamsikia.

"Wifi! Buluu!"

Haijawahi kuwa buluu tangu arudi. Kijani ndiyo, manjano ndiyo. Nikatoka nje.

"Umechemsha kweli?"

"Nimechemsha."

"Matone manane?"

"Njoo uhesabu mwenyewe, bibi wa mikojo!"

Nikakatisha matuta, umande ukanilowesha mpaka magotini. Alikuwa ameshika mrija juu, Oresti pembeni ametabasamu bila kujua anatabasamia nini, watoto wote watatu wamejipanga. Nikauchukua, nikausogeza kwenye mwanga, nikaweka kijiti, nikautazama vizuri upande huu na upande ule.

Ilikuwa buluu.